Likizo Gendabi: diski mbili za Mjomba na sekta 24

Najua blogu imelala toka kipindi cha UE, na wengine mlishaanza kunitumia meseji mkiuliza kama nimedisco. Sijadisco jamani, nipo, na bumu likitoka nitawanunulia chipsi wote mlioniombea mabaya, hehehe.

Leo siandiki mambo ya chuo. Nataka niwamegee kilichonikuta nyumbani likizo ya mwaka 2025, mwezi wa tisa, baada ya kumaliza TP. Ni stori ya kompyuta, lakini wale wa Kiswahili na Historia msikimbie, nitaieleza kwa madaftari na mtaelewa tu. Si ndo kazi tuliyokuja kusomea?

Kwa wasiokujua kwetu: Gendabi ni kata ya wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Unashuka basi Katesh, kwenye barabara ya Singida na Babati, unapanda bodaboda. Mlima Hanang unauona kila ukiinua macho, una zaidi ya mita 3,400. Wengi wenu mlilisikia jina la Gendabi mara ya kwanza Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, siku ile sehemu ya mlima iliyokuwa imenyonya maji ya mvua ilipomeguka ikashuka na tope, mawe na miti mpaka Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi ikiwemo. Walikufa watu 89. Sitaandika sana juu ya siku ile. Niliwahi kujaribu kuiandika hapa, nikafuta.

Mjomba wangu ana kibanda cha steshenari. Anatoa kopi, anapiga passport, anarusha nyimbo kwenye flashi, na siku za wikiendi anabeba kamera kwenda kwenye harusi, ubatizo, kipaimara na misiba. Ameanza kazi hiyo tangu nipo shule ya msingi, na hana tabia ya kufuta kitu. Kila picha aliyopiga ameiweka kwenye kompyuta yake, folda kwa folda, mwaka kwa mwaka. Kibanda chenyewe hakikupitiwa na tope. Nyumba nyingi zilipitiwa, na albamu za watu zikaenda nazo.

Kwa hiyo baada ya msiba ule watu walianza kumwendea. Mama anataka picha ya mwanae aiweke kwenye fremu. Kijana anataka ya baba yake, hata ile ya kitambulisho. Mjomba alikuwa anaitafuta, anaiprinti, anampa mtu na hela hapokei. Pale kijijini ile kompyuta imekuwa kama daftari la kumbukumbu la watu wote, ingawa hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa sauti.

Basi bwana, nafika nyumbani, sijakaa hata siku mbili, Mjomba huyo.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwalimu. Umekuja wakati mzuri. Mashine inaumwa."

(Ananiita mwalimu tangu siku barua ya udahili ilipofika. Nikikataa anaongeza sauti.)

Ugonjwa wenyewe: ukifungua folda ya mwaka 2021, mashine inaganda. Dakika moja, dakika mbili, taa ya diski inawaka tu bila kuzima, halafu inaleta ujumbe wa kosa. Folda nyingine zinafunguka vizuri. Na ndani ya 2021 kuna video ya harusi moja ya mwezi wa kumi ambayo mama mmoja wa jirani alikuwa akija kuiulizia kila wiki. Mwanae yumo kwenye video ile. Mwanae huyo alikuwa rafiki yangu, tumekaa dawati moja mpaka darasa la saba, na ni mmoja wa wale 89. Mjomba alikuwa anamjibu mama yule, "Mashine inasumbua, njoo wiki ijayo." Wiki ijayo ilikuwa imeshakuwa miezi miwili.

Nikakaa mbele ya mashine. Inatumia Linux, aliiwekea fundi mmoja kijana mwaka 2019 ambaye siku hizi yuko mbali. Namshukuru kwa jambo moja: picha alizipanga kwenye diski mbili za TB 1 kila moja zilizofungwa pamoja kwa RAID ya programu, RAID 1, yaani kioo. Mfumo wenyewe wa uendeshaji uko kwenye diski nyingine ndogo.

Sasa somo. Chukua daftari.

RAID si kitu kipya. Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika makala yao mwaka 1988 wakisema badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, unganisha diski nyingi za bei rahisi, halafu weka ziada ili moja ikifa kazi iendelee. Linux ilianza mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki wa miaka 21 (sisi kwa umri huo tunagombania kimbweta), na siku hizi kazi ya RAID inafanywa na kerneli yenyewe bila kifaa cha ziada. Programu ya kuisimamia inaitwa mdadm. Na msidhani mambo haya ni ya wazungu peke yao: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, ndio uliotoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004.

RAID 1 ni hivi. Wewe na rafiki yako mnaandika notsi zile zile, kila mtu daftari lake. Daftari lako likimwagikiwa chai ukurasa wa 40, unaazima la mwenzako unanakili ukurasa wa 40 tu. Mwalimu hajui, mtihani unaendelea.

Sekta ni kipande kidogo kabisa ambacho diski inasoma au kuandika, baiti 512 kwa hesabu ya zamani. Diski nyingi za siku hizi ndani kwa ndani zina vipande vya baiti 4,096, yaani sekta nane za zamani kwa mkupuo. Sekta ikiharibika, diski inajaribu kuisoma tena na tena, ikishindwa inaiandika kwenye orodha ya "zinazosubiri". Inasubiri nini? Inasubiri uiandikie upya. Ukiandika juu yake, diski inajaribu mahali pale pale, na kama pamekufa kabisa inahamishia data kwenye sekta za akiba zilizowekwa na kiwanda. Hayo diski inayafanya yenyewe.

Utamu wa RAID ni hapo. Diski moja ikisema "sekta hii siwezi kuisoma", kerneli inaisoma kwa mwenzake, inakupa wewe data yako, na palepale inairudishia ile diski mbovu: "shika, andika upya." Sekta inapona au inahamishwa. Wewe unaendelea kuangalia picha za harusi, hujui kama kuna mtu kaazima daftari.

Kwa nini basi haikutokea kwa Mjomba? Nikaandika:

cat /proc/mdstat

Ikanijibu:

md0 : active raid1 sda1[0]
976630464 blocks super 1.2 [2/1] [U_]

Angalieni mwisho pale. Ilitakiwa iwe [UU], diski mbili zote zipo. Hii inasema [U_]: moja ipo, moja haipo. Nikaichungulia ile iliyotoka, sdb, kwa mdadm --examine. Mara ya mwisho kuandikwa: Machi 2024. Jamani! Mwaka mmoja na nusu diski moja ilikuwa inabeba mzigo peke yake, na sasa hiyo hiyo iliyobaki ndo imeanza kuumwa.

Moyo ulinienda mbio lakini nikajikaza, maana nyuma yangu alikuwa amesimama Mjomba, shangazi, na watoto kama sita waliokuja kurusha nyimbo. Nikawaza: rahisi tu, diski imetoka, irudishwe. Nikaandika ile amri:

mdadm --manage /dev/md0 --add /dev/sdb1

Kidole kiko juu ya Enter. Nikamwambia Mjomba kwa madaha, "Hapa sasa itaanza kunakili, ikimaliza zitakuwa mbili tena."

Mjomba akauliza, "Inanakili toka wapi kwenda wapi? Orijino ni ipi?"

Mtu ametoa kopi miaka kumi na tano, anajua hatari ya kuchanganya orijino na nakala. Nikaondoa kidole.

Wadau, hebu rudini kwenye madaftari. Rafiki yako ameacha kuja darasani tangu Machi. Daftari lake ni safi kabisa ila limeishia Machi. Wewe una notsi zote mpaka leo, lakini kurasa tatu zako zimelowa chai. Mkikutana, ukamwambia "futa yote yako, nakili langu toka mwanzo", kitatokea nini? Atafuta hata zile kurasa tatu alizokuwa nazo nzima! Zile ulizokuwa unazihitaji! Halafu akifika kwenye kurasa zako zilizolowa atakwama, na dunia nzima haitakuwa na mtu mwenye kurasa zile.

Ndicho nilichokuwa nataka kukifanya, kwa kujiamini, mbele ya watoto. Ingekuwa RAID ile ina bitmap, ile ramani ndogo ya kukumbuka ni wapi palibadilika wakati mwenzake hayupo, ingenakili sehemu zilizobadilika tu. Haikuwa nayo. Ingeandika juu ya sdb yote toka mwanzo mpaka mwisho.

Nikafuta amri. Nikazima mashine. Nikaomba chai.

Kesho yake nikaanza upya, safari hii kama daktari, kwanza vipimo. Diski zote zina kumbukumbu zake za afya, unazisoma kwa smartctl -a. Vitu vya kutazama ni vichache: Reallocated_Sector_Ct ni sekta zilizokwisha hamishwa, Current_Pending_Sector ni zinazosubiri, na UDMA_CRC_Error_Count ni makosa ya njiani, kati ya diski na ubao mama.

sda, yenye data mpya: zinazosubiri 24.
sdb, iliyotolewa: zinazosubiri 0, zilizohamishwa 0, ila makosa ya njiani mengi sana.

Makosa ya njiani mara nyingi maana yake ni waya. Nikafungua boksi, nikaushika waya wa sdb, ukachomoka mkononi bila hata kuvutwa. Diski ilifukuzwa kundini miezi kumi na minane kwa kosa la waya uliolegea, na vumbi la Gendabi limejaa humo ndani ungeweza kupanda mahindi.

Na je, mashine haikusema? Ilisema. Hii ndo iliniuma. mdadm ina kazi ya kila siku ya kukagua, na ikikuta diski imetoka inatuma barua pepe kwa msimamizi wa mashine, yaani root. Pale hakuna intaneti ya kudumu na hakuna aliyeielekeza barua iende popote. Nikafungua sanduku la root. Barua zaidi ya mia nne. Kila siku Mjomba anapofungua duka, mashine inaandika barua: ndugu msimamizi, diski moja haipo. Kila siku, na hakuna aliyejua kama sanduku hilo lipo.

Kuna na ukaguzi mwingine wa kila mwezi. Kwenye mashine za aina ile, Jumapili ya kwanza ya mwezi saa 6:57 usiku, RAID inasoma diski zote mwanzo hadi mwisho ili sekta mbovu zigundulike na kuponywa mapema kabla hujazihitaji. Saa 6:57 usiku! Mjomba anafunga duka saa moja jioni na kuzima kila kitu ili luku isiliwe. Ukaguzi ule hata wakati diski zote mbili zipo, sidhani kama uliwahi kufanyika.

Basi. Sheria ya kwanza niliyojiwekea: kabla ya kurekebisha, nakili. Nilikuwa na akiba ya TP, nikamtumia hela kwa simu rafiki yangu wa Arusha, akanunua diski mpya ya TB 1, akaiweka kwenye basi. Laki na themanini, wadau. Msiniulize nimekula nini mwezi ule. Nilikwenda kuipokea Katesh stendi nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Kunakili diski inayoumwa hakufanywi kwa amri za kawaida, zikifika kwenye sekta mbovu zinakata tamaa. Kuna programu inaitwa ddrescue, ya GNU. Akili yake ni ya mwanafunzi mzuri kwenye mtihani: anajibu maswali rahisi kwanza, magumu anayarukia, halafu anarudi. Inaweka na faili la ramani la kujua imefika wapi. Nikaiambia isome sda iandike kwenye diski mpya. Nikaangalia mara tatu ipi ni ipi. Mjomba naye akaangalia, akasema "orijino kushoto, nakala kulia", nikajibu ndiyo.

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdd ramani.map

Katikati umeme ukakatika. Hapo nilifahamu kwa nini ramani ipo. Umeme uliporudi jioni ikaendelea pale pale ilipoachia. Mara ya pili nikaiachia irudie sehemu ngumu mara tatu, kwa -d na -r3. Nilipoamka asubuhi karibu diski yote ilikuwa imenakiliwa. Kilichobaki: baiti 12,288. Gawanya kwa 512, unapata 24. Zile zile. Vipande vitatu vya baiti 4,096.

Vipande vitatu kati ya TB 1. Ukisikia hivyo unaona si kitu. Lakini viko ndani ya nini?

Hapa hesabu zangu zilinisaidia (waliosema namba hazina kazi kijijini wasogee). Kosa la kwanza lilikuwa sekta 1203456784 ya diski. Toa 2048, mahali kizigeu kinapoanzia. Toa 262144, nafasi ambayo RAID inajiwekea mwanzoni kabla ya data. Gawanya kwa 8, kwa kuwa bloku moja ya mfumo wa faili ni sekta nane. Unapata bloku 150399074. Nikachomoa sda kabisa, maana diski mbili zenye utambulisho mmoja zikikaa pamoja mdadm inachanganyikiwa, nikawasha RAID kwa ile nakala, nikaiuliza debugfs: bloku hii ni ya nani? Kwa icheck inakupa namba ya faili, kwa ncheck inakupa jina lake.

Kipande cha kwanza: ile video ya harusi ya 2021.
Kipande cha pili: hakina mwenyewe, nafasi tupu.
Kipande cha tatu: picha moja, folda ya Desemba 2024.

Mnaona sasa? Video ni ya 2021, sdb ilitoka Machi 2024. Kwa hiyo sdb, ile iliyofukuzwa, ile niliyotaka kuandika juu yake, ilikuwa na video nzima. Nikazima md0, nikabadilisha waya, nikaiwasha sdb peke yake kwa kusoma tu:

mdadm --assemble --readonly --run /dev/md9 /dev/sdb1
mount -o ro,noload /dev/md9 /mnt/zamani

Nikakopi video kwenye flashi. Baadaye nikazilinganisha baiti kwa baiti na ile ya kwenye nakala. Zilitofautiana ndani ya bloku moja tu ya baiti 4,096. Kwingine kote sawasawa.

Nikaicheza. Mimi na Mjomba tu, duka limefungwa. Dakika ya kumi na kitu anaingia rafiki yangu, gauni la kijani, anacheza huku amebeba zawadi kichwani, anaiangalia kamera na kumtolea Mjomba ulimi. Nilikuwa nimeisahau kabisa tabia yake hiyo. Mjomba akasema "huyu mtoto" akatoka nje kuangalia kama bodaboda yake imefungwa.

Mama yake alikuja kesho yake. Tulimwekea kwenye simu, na nyingine kwenye flashi, na Mjomba akamwambia kopi zipo sehemu tatu, asiogope. Hakusema mengi. Alikaa kwenye benchi la dukani akaiangalia mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akaiangalia tena. Wateja waliokuja kutoa kopi walisubiri nje bila kuambiwa.

Kipande cha tatu kilikuwa kimeondoka. Picha ilipigwa Desemba 2024, wakati sdb haipo kundini, kwa hiyo daftari la mwenzake halina ukurasa ule. Nikaifungua. Nusu ya juu: bibi mmoja amesimama mbele ya nyumba yake mpya, kilemba kimekaa vizuri. Toka kifuani kwenda chini: kijivu tupu. Baiti 4,096 zikikosekana katikati ya picha, kinachofuata chote kinaharibika. Nilijaribu kila njia ninayoijua, siku nzima. Usiku nikamwambia Mjomba kwa aibu kwamba hiyo imenishinda, imepotea.

Akaisogelea skrini. Akacheka.

"Mwalimu, huyu yupo. Kesho tunaenda kumpiga nyingine."

Kazi iliyobaki naisema kwa kifupi. Niliwasha tena RAID kwa ile nakala mpya, nikairudishia video, nikakopi picha zote kwenye diski ya nje ambayo sasa inalala nyumbani kwa Mjomba na si dukani. Baada ya hapo tu, ndipo nikaifuta sdb na kuiongeza kundini. Safari hii nikabonyeza Enter bila wasiwasi. Ikanakili saa kadhaa, ikaja [UU]. Niliipiga picha kwa simu, msinicheke. Halafu nikaiongezea bitmap.

Ile sda mgonjwa niliichomeka kivyake, nikaziandikia upya zile sekta 24 kwa hdparm (amri yenyewe inakulazimisha uandike kwamba unajua unachokifanya, na kwa mara ya kwanza nilikuwa najua). Zinazosubiri zikashuka mpaka 0, na zilizohamishwa zikaacha kuwa sifuri. Imepona, lakini siiamini na data ya mtu. Nimeiandika kwa maka peni "YA MAZOEZI" nimekuja nayo chuo. Mwenye kutaka kujifunza aje chumbani, aje na vitafunwa.

Mengine mawili. Diski za kawaida za dukani zikikutana na sekta mbovu zinaweza kung'ang'ania dakika nzima na zaidi, wakati kerneli inasubiri sekunde 30 tu halafu inaidhania diski imekufa. Nimeongeza muda uwe sekunde 180. Na ukaguzi wa usiku nimeuhamisha, Jumamosi ya kwanza ya mwezi saa nne asubuhi Mjomba mwenyewe anabofya kitufe nilichomwekea kwenye skrini, nyuma yake ni amri hii tu:

echo check > /sys/block/md0/md/sync_action

Barua za root nazo sasa zinatokea kwenye skrini kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili: DISKI MOJA HAIPO, MPIGIE MWALIMU.

Sasa ushauri wangu kwenu, hasa nyie mnaoandika ripoti za utafiti mwaka huu. RAID si nakala ya akiba. Inakulinda diski ikifa, haikulindi ukifuta faili mwenyewe, mashine ikiibiwa, au mlima ukishuka. Weka nakala nyingine, jengo lingine. Kama mashine yako ina RAID, leo hii nenda ukaangalie kama ni [UU], usisubiri ikuambie, huenda imeshakuambia mara mia nne. Na kabla ya kubonyeza Enter, jiulize swali la mtoa kopi: orijino ni ipi?

Yule bibi tulimwendea kesho yake kama Mjomba alivyosema. Akatuweka tusubiri karibu saa nzima, kumbe anabadilisha nguo. Alitoka na kilemba kingine, kizuri kuliko cha kwanza, na akataka na kuku wake aonekane. Tumepiga kumi na moja. Ziko kwenye diski mbili, na ya tatu nyumbani, na mbili nimezibeba mimi kwenye simu.

Haya, ngoja niishie hapa, kengele ya kantini imelia. Nawasilisha. Maoni yenu nayasubiri, na wa Hanang wenzangu mliopo chuo tusalimiane basi, siyo mpaka tukutane kwenye basi la likizo.